Ukienda Jozani: mwongozo wa mgeni na wa jirani

Barabara itokayo mjini Unguja kwenda Makunduchi, Paje na Jambiani hupita msituni mahali panapoitwa Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Abiria wengi wa daladala hupapita pale wakisinzia au wakihesabu vituo vilivyobaki. Nje ya dirisha, kwenye miti iliyoinamia lami, anaishi mnyama ambaye asili yake ni kisiwa hiki tu, dunia nzima: kima punju. Wapo wageni wanaotoka Ulaya kuja kumtazama, lakini mtoto aliyezaliwa mjini, Kikwajuni au Mwanakwerekwe, anaweza kumaliza skuli bila kumuona hata mara moja. Hilo linanisikitisha sana, kwa sababu msitu huu hauwezi kudumu kwa mapenzi ya wageni peke yao.

Maelezo haya ni kwa anayetaka kwenda na watoto wake siku ya mapumziko, kwa mwalimu anayepanga safari ya darasa, na kwa jirani wa msitu anayetaka sauti yake isikike. Kufurahia hifadhi na kuisaidia ni mambo yanayokwenda pamoja: anayejua cha kutazama ndiye anayejua pia kipi kimepungua na nini kifanywe.

Jozani ilipandishwa hadhi mwaka 2004 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee Zanzibar. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50. Ndani yake kuna msitu wa miti mirefu unaosimama juu ya maji ya ardhini, vichaka vya maweni, na mikoko inayofuata maji ya ghuba. Mwaka 2016 UNESCO iliitangaza kuwa hifadhi ya baiyongahewa, yaani eneo ambalo watu na viumbe hutarajiwa kuishi pamoja bila kumalizana.

Kufika na kujitayarisha

Huna haja ya gari la kukodi. Daladala za Makunduchi na za Jambiani hupita mbele ya lango. Mwambie utingo mapema kwamba unashuka Jozani. Nenda asubuhi mara lango linapofunguliwa, au subiri baada ya alasiri. Wakati huo jua limepoa, wanyama wanatafuta chakula, na msitu una sauti. Adhuhuri utawakuta kima punju wamejilaza kwenye matawi, matumbo yamejaa. Ni nafasi nzuri ya kupiga picha, lakini mtoto anayetaka kuona mchezo atachoka kusubiri.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, sehemu za msitu hufurika na baadhi ya njia huwa madimbwi. Usiahirishe safari kwa sababu hiyo. Vaa viatu vinavyoweza kulowa, suruali au nguo ndefu, na jipake dawa ya mbu kabla ya kuingia. Beba maji ya kunywa ndani ya chupa utakayorudi nayo nyumbani.

Langoni, kiingilio cha raia na mkaazi ni kidogo kuliko cha mgeni kutoka nje, kwa hiyo chukua kitambulisho. Dai risiti. Fedha hiyo ina kazi, na sehemu yake hurudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, jambo nitakalolieleza mbele. Anayesimamisha gari barabarani, akapiga picha za kima bure na kuondoka, amekula na hakulipa, na aliyebeba gharama ni mkulima wa kijiji cha Pete ambaye shamba lake limepakana na msitu.

Chukua mtembezaji wa hifadhi hata kama unajiona mwenyeji. Wengi wao ni watu wa vijiji vya jirani waliokulia na msitu huu. Kwa macho yao utamuona komba aliyejikunyata kwenye pango la mti, kamba ya majimoto inayovuka njia, na chura mdogo aliyefanana na jani kavu. Muulize habari za miti: upi hutibu tumbo, upi huchongwa ngalawa, upi wazee walikataza kuukata. Mtu asiyeulizwa hutoa maelezo mafupi aliyoyazoea kuwapa wageni. Akipata msikilizaji hasa, hufunguka.

Kumtazama kima punju

Watu wengi huwachanganya kima wawili wanaoishi hapa. Kima wa kawaida ni wa kijivu na koo lake ni jeupe. Kima punju ana mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, uso mweusi uliozungukwa na manyoya marefu meupe, na alama ya waridi kwenye midomo na pua. Mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili, na hauwezi kushika tawi. Kazi yake ni kumpa mizani anaporuka. Mara nyingine makundi ya kima hawa wawili hula pamoja kwenye mti mmoja, na hapo ndipo pazuri pa kumfundisha mtoto kutafautisha.

Tazama mkono wake anapovuta tawi. Vidole ni vinne tu vinavyoonekana. Dole gumba limebaki kijinundu kidogo. Ndiyo sababu haokoti na kumenya kama tumbili. Huvuta tawi zima mdomoni, akachagua majani machanga na kuacha yaliyokomaa. Tumbo lake lina vyumba, na ndani yake mna vijidudu vinavyovundisha majani hayo mpaka yatoe lishe.

Kwa mnyama aliyeumbwa hivyo, ndizi mbivu, biskuti au soda ni hatari. Sukari huchachuka ndani ya tumbo, likajaa hewa na asidi, na mnyama akaumwa. Matunda anayokula porini ni mabichi. Kwa hiyo mtu akikwambia tuwape chochote ili wasogee, mkatalie, hata akiwa dereva wako au ndugu yako. Kima aliyezoea kupewa chakula huanza kunyang'anya, na kima anayenyang'anya hupigwa mawe.

Kuna jambo moja la kima hawa linalonistaajabisha kila nikilifikiria. Wale wanaoishi pembezoni mwa msitu, karibu na mashamba, hula sana majani ya miembe na mikungu. Majani hayo yana protini nyingi, lakini yana pia kemikali zinazosumbua tumbo. Watafiti waliowafuatilia Jozani miaka ya 1990 waliona kima hao wakila mkaa. Huuokota kwenye matanuri yaliyozimika, kwenye visiki vilivyoungua na kwenye magogo yaliyochomwa, wakautafuna taratibu. Mkaa hunasa kemikali zile kabla hazijaleta madhara, kwa njia ileile ambayo hospitali humpa mkaa maalumu mtu aliyekunywa sumu. Mtoto wa kima hujifunza kwa kumtazama mama yake. Ukibahatika kumuona mmoja ameshika kipande cheusi mkononi, nyamaza umtazame.

Umbali wa kusimama ni mita 3 au zaidi. Jozani kima wamezoea watu, hushuka mpaka kwenye vichaka vya kiunoni, na wanaweza kukupita karibu sana. Wakikusogelea, rudi nyuma wewe. Mafua na kifua chetu vinaweza kuwaambukiza, kwani miili yao na yetu haiko mbali. Ukiwa na mafua siku ya safari, panga siku nyingine. Usile mbele yao, usipige mbinja, usitumie mwanga wa kamera, na usimuweke mtoto kati ya kima na kikundi chake ili upate picha ya pamoja.

Hesabu kubwa ya kima punju wa Unguja yote, iliyochapishwa mwaka 2019, iliwapata zaidi ya 5,800. Ni mara tatu ya idadi iliyokuwa ikidhaniwa zamani. Habari hiyo ni njema, lakini wote hao wako katika kisiwa kimoja ambacho kila mwaka kinajengwa nyumba, hoteli na barabara. Kimataifa bado wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Ukimaliza kwa kima, usigeuze. Endelea mpaka kwenye mikoko ya Pete, ambako kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope. Angalia saa za maji kabla ya kwenda. Maji yakitoka utaona mizizi ya mkoko iliyojipinda kama matao, na vijiti vya mizizi ya mchu vikichomoza kwenye tope ili mti upumue. Utaona kaa wakiingia na kutoka mashimoni. Maji yakijaa, samaki wadogo huingia humo kujificha, na wengi wa samaki hao ndio watakaovuliwa baadaye ghubani Chwaka. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake, hutahitaji kumhubiria kwa nini mikoko isikatwe.

Matuta manne

Nataka kukaa kidogo kwenye habari ya barabara ipitayo msituni, kwa sababu hapo pana somo kubwa kwa kila anayetaka hifadhi iboreshwe. Barabara ilipotengenezwa vizuri, magari yalianza kukimbia, na kima wanaovuka kwenda kula upande wa pili wakawa wanagongwa. Makadirio ya watafiti ya miaka ya 1990 yalikuwa kima mmoja kila wiki mbili au tatu katika kipande kifupi cha barabara kinachopita msituni. Kisha yakajengwa matuta manne. Vifo vikapungua hadi kima mmoja katika wiki sita hivi.

Fikiria gharama ya matuta manne ya lami. Hakikuhitajika kituo kipya wala mtambo, na faida yake iliweza kuhesabiwa. Uboreshaji wa hifadhi ninaouamini mimi ni huu: tatizo linalojulikana mahali pake, dawa ndogo, na mtu wa kuhesabu kabla na baada. Hata hivyo wiki sita si sifuri. Ukiendesha gari, punguza mwendo kabla ya tuta na usikanyage mafuta katikati ya tuta moja na lingine, kwa maana kima hasomi vibao. Ukiwa abiria, mwambie dereva kwa upole, "Dereva, hapa Jozani, twende pole." Magari mengi ya barabara hiyo hubeba wageni kwenda ufukweni, na mgeni akiomba mwendo mdogo, dereva husikia. Wenye hoteli na kampuni za matembezi wangeweza kuliweka hilo katika masharti ya madereva wao kesho asubuhi.

Mkulima na nazi zake

Hakuna hifadhi inayodumu ikiwa jirani yake anaichukia. Wakulima wa Pete na vijiji vya karibu walilalamika kwa miaka mingi kwamba kima punju wanamaliza vidaka kwenye minazi. Malalamiko yalikuwa ya kweli: kima hula nazi changa, na mkulima aliyeziona chini ya mnazi wake zimetafunwa ana haki ya kukasirika. Watafiti wawili walikwenda kuhesabu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yaliwashangaza wengi: mavuno hayakuwa madogo zaidi pale kima walipokula sana vidaka. Yalielekea kuwa makubwa zaidi. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vikipunguzwa mapema, vinavyobaki hukua vizuri.

Hesabu hiyo haikumaliza kila jambo, kwa sababu kima hugusa mazao mengine pia, na mkulima hali majibu ya utafiti. Ndipo umuhimu wa mgao unapoonekana. Sehemu ya mapato ya kiingilio imekuwa ikienda kwa wakulima waliopakana na msitu na kwa miradi ya vijiji, na jumuiya ya wanavijiji iitwayo JECA imeshiriki katika kuusimamia uhifadhi kwa upande wa wananchi. Kwangu huu ndio moyo wa Jozani. Kima aliyemo shambani huwa na thamani kwa mwenye shamba siku mgao unapofika kwa wakati na kwa hesabu iliyo wazi, na siku unapochelewa thamani hiyo hushuka.

Kwa hiyo msaada wa kwanza wa mkaazi wa shehia za jirani ni kuhudhuria mkutano. Uliza kwa sheha au kwa kamati ya uhifadhi ya kijiji: mwaka jana kimeingia kiasi gani, kimekwenda wapi, nani alisaini? Taka hesabu ibandikwe mahali pa wazi, skulini au msikitini. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inaruhusu jamii kuingia mkataba na serikali na kusimamia msitu wake yenyewe. Mkataba huo una mipaka, kanuni na wajibu, na kila mwanakijiji ana haki ya kujua unasema nini. Wanawake, ambao ndio wanaokwenda kuni, wasiachwe nje ya mazungumzo hayo. Kanuni ya kuni iliyotungwa bila mkata kuni haishikiki.

Msaada wa anayeishi mjini

Anayeishi mbali anagusa msitu kila siku kupitia jiko na ujenzi. Ukinunua mkaa au boriti, muulize muuzaji zimetoka wapi na kama zina kibali. Wanunuzi wakiuliza mara kwa mara, muuzaji naye ataanza kumuuliza aliyemletea. Ukiweza kuhamia gesi hata kwa nusu ya mapishi, umeokoa miti ambayo hutaiona kamwe.

Kupanda mikoko kumekuwa shughuli ya vikundi vingi, na nia ni njema, lakini miche mingi hufa kwa kupandwa pasipostahili. Kabla ya kukusanya vijana na fulana, muulize mzee wa kijiji na ofisa wa misitu kama mahali hapo palikuwa na mikoko zamani. Mchanga mtupu au majani ya bahari si mahali pake. Kila aina ina kina chake cha maji: mlilana hukaa mbele baharini, mkoko nyuma yake. Mche wa mkoko huota ungali mtini. Okota uliokomaa ukaanguka wenyewe, usio na matundu ya wadudu, uchomeke wima kwenye tope theluthi ya urefu wake, na uache nafasi ya mita moja hivi. Mara nyingine kinachohitajika ni kuzibua mkondo wa maji uliozibwa na barabara au tuta la chumvi, na mikoko itarudi bila kupandwa. Rudini baada ya mwaka mmoja kuhesabu iliyo hai, na msisherehekee idadi kabla ya hapo.

Simu yako pia ni chombo cha kazi. Piga picha ya ndege, kipepeo au ua usilolijua, uiweke katika programu ya iNaturalist pamoja na tarehe na mahali. Wataalamu na wapenzi wa viumbe watakusaidia jina, na kumbukumbu yako itaingia katika hazina inayotumiwa na watafiti. Usiweke wazi mahali hasa ulipomuona mnyama adimu anayewindwa, kama paa nunga.

Kuna uboreshaji ninaoutamani kwa hifadhi zetu zote, na nawaomba wasomaji wausemee wanapopewa daftari la maoni. Katika hifadhi nyingi nilizopita, vibao vya maelezo huandikwa kwa lugha ya kigeni kwanza, na Kiswahili huwekwa chini kwa herufi ndogo, au hakipo. Mtoto wa darasa la nne anasimama mbele ya kibao kinachoeleza mti wa kwao na haelewi neno. Njia za mbao nazo zipimwe kwa macho ya anayetumia kiti cha magurudumu na ya bibi anayetembea na mkongojo. Vyoo viwe na maji. Maoni yenye mahali na jambo mahususi hujibiwa upesi. "Ubao wa sita umeoza" una faida kuliko "huduma ziboreshwe".

Kwa msomaji aliye Nairobi, mfano wa wananchi kuulinda msitu wao uko karibu. Msitu wa Karura, wa hekta zipatazo 1,041, ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, na miaka ya 1990 vipande vyake vikaanza kugawiwa wajenzi. Profesa Wangari Maathai na wenzake waliposhika miche kwenda kupanda Januari 1999, walishambuliwa. Msitu ukasalimika. Sheria ya misitu ya Kenya ya 2005 ikafungua mlango kwa vyama vya wananchi kusimamia misitu pamoja na serikali. Marafiki wa Karura wakachangisha fedha za uzio wa umeme, na vijana wa kijiji cha Huruma, kilicho pembeni, wakaajiriwa kuulinda. Mahali palipoogopwa kwa wizi pakawa pa familia na waendesha baiskeli. Kuanzia 2014 mbega wa rangi nyeusi na nyeupe waliletwa kutoka Kipipiri, ambako vipande vya msitu vilikuwa vinawaishia. Anayetaka kusaidia huko ajiunge na chama, au ashiriki siku za kung'oa mimea vamizi, kwa kuwa kichaka cha mkinda kikitanda hakiachi mche wa asili uote.

Mwisho ni jambo la dharura. Ukikuta mnyama amegongwa barabarani Jozani, usimguse, hata akiwa hai, maana anaweza kuuma na anaweza kuambukiza. Simamisha gari mahali salama, washa taa za tahadhari, piga picha moja, kumbuka saa na alama ya karibu, kisha nenda langoni ukawaambie wahifadhi. Kila taarifa husaidia kujua ni wapi hasa kima wanavuka, na ni wapi panahitaji tuta la tano.